Chumba cha Faragha Ugenini: Mahali pa Kuwakusanya Jamaa Leicestershire



Juma hili tumeona ni vyema tuzungumzie jambo ambalo familia nyingi za pwani hulikabili ghafla, zikiwa mbali na nyumbani na hazina wa kumuuliza. Kijana amesoma Uingereza na amehitimu, jamaa wamechangishana nauli ili waishuhudie siku yake. Au binti aliyeolewa huko amejaaliwa mtoto, na bibi zake wa pande zote mbili wamesafiri kwa ajili ya akika. Watu ishirini au thelathini wamekusanyika katika mji wa kigeni, nyumba ya mwenyeji ina sebule ndogo, na swali linabaki: tutakula wapi, sote pamoja, kwa halali na kwa stara?

Tumeichagua kaunti ya Leicestershire, ambayo wenyewe huitamka "Lestasha", kwa kuwa ni miongoni mwa kaunti za Uingereza ambazo watu wa Afrika Mashariki wana nasaba nazo za kweli. Ipo katikati ya nchi, na mji wake mkuu, Leicester, ni mwendo wa takriban saa moja na dakika chache kwa treni kutoka kituo cha St Pancras, London. Ina vyuo vikuu vitatu ambavyo huvuta wanafunzi kutoka nchi nyingi: University of Leicester na De Montfort University mjini, na Loughborough University katika mji wa Loughborough. Aidha, tangu mwisho wa miaka ya 1960, jamii kubwa ya watu wa asili ya Kihindi waliotoka Kenya ilihamia huko. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende. Walikwenda vivyo hivyo, na mji ukabadilika. Leo mgeni kutoka Mombasa akifungua orodha ya vyakula katika baadhi ya mikahawa ya Leicester huenda akakuta "mogo", ambao si mwingine ila muhogo wetu, pamoja na mishkaki na kuku paka. Katika sensa ya mwaka 2021, Waislamu walikuwa asilimia 23.5 ya wakaazi wa mji huo.

Lakini yapatikanayo mjini si lazima yapatikane katika kaunti nzima. Ukitoka Leicester mwendo wa nusu saa tu kwa gari, umeingia katika nchi ya mashamba, makasri na vijiji ambako jiko limezoea mambo mengine kabisa. Mji wa Melton Mowbray, ulio katika kaunti hiyo hiyo, sifa yake kubwa ni pai ya nyama ya nguruwe.

Faragha ni ya nini?

Huko Uingereza, mikahawa na hoteli nyingi zina chumba cha pembeni ambacho kundi hukodi kwa chakula cha mchana au cha usiku. Wapo wanaokiona kuwa ni anasa ya matajiri. Sisi tunasema, kwa familia ya Kiislamu iliyo safarini, huenda kikawa ndicho kitu chenye manufaa zaidi katika gharama zote za siku hiyo.

Zingatieni hali ya mahafali. Tiketi za wageni ukumbini huwa chache, mara nyingi hazizidi za wazazi. Bibi aliyemlea mjukuu, shangazi aliyelipa karo ya muhula mmoja, wadogo zake waliokuja kutoka miji mingine, wote hubaki nje wakingoja. Basi chakula cha baadaye ndicho mahafali yao. Hapo ndipo kijana atakapoombewa dua, na wazee watasema neno. Mambo haya hayasemeki katikati ya mkahawa uliojaa watu, muziki juu na meza ya jirani ikigongana glasi.

Kwa hiyo kanuni yetu ni moja, na mengine yote yanaifuata: chagueni chumba kwa kumtazama mgeni mwenye haja kubwa kuliko wote, wala msichague kwa kutazama picha. Mgeni huyo huenda ni bibi asiyeweza kupanda ngazi, au mama anyonyeshaye, au dada asiyependa kuvua buibui mbele ya wahudumu wa kiume, au mtoto ambaye karanga humdhuru. Akikaa huyo kwa raha, wote watakaa kwa raha. Akidhikika, karamu nzima itakuwa na doa, hata dari likiwa la dhahabu.

Aina za mahali

Aina ya kwanza ni mikahawa ya halali iliyomo mjini Leicester, hasa katika mitaa ya Highfields na Evington, na kandokando ya barabara za Evington Road na Green Lane Road. Faida yake ni kwamba jiko zima ni la halali na wenyewe wanaijua desturi ya sala. Upungufu wake ni kwamba kile kiitwacho chumba cha faragha pengine ni kona iliyotengwa kwa pazia. Ulizeni: je, chumba kina mlango unaofungwa?

Ya pili ni mikahawa ya wala mboga iliyo Belgrave Road, barabara ambayo watu huiita Golden Mile. Mingi ni ya Wahindi wa asili ya Gujarat, na baadhi yao walipitia Afrika Mashariki. Mahali pasipopikwa nyama, suala la uchinjaji huondoka, na hili ni jepesi kwa kundi lenye watu wa madhehebu na misimamo mbalimbali. Hata hivyo, mkahawa wa mboga unaweza kuuza pombe, kwa hiyo hilo litaulizwa palepale.

Ya tatu ni kumbi za hoteli na za majengo makubwa ya mji, kama vile National Space Centre na uwanja wa mpira wa King Power. Kumbi hizi zina nafasi, lifti na maegesho, na ni za kufikiriwa pale wageni wanapokuwa wengi. La kuuliza ni kama wanaruhusu mpishi kutoka nje, na kama tarehe yenu haigongani na siku ya mechi, ambapo njia zote za jirani hujaa.

Ya nne ni nyumba za kale na makasri ya mashambani. Kaunti hii ina mandhari ya kupendeza: vilima vya Charnwood, bustani ya paa ya Bradgate, na kasri la Belvoir, ambalo kwa maajabu ya Kiingereza hutamkwa "Biva". Picha zake ni nzuri mno, lakini majengo ya kale mara nyingi hayana lifti, basi za vijijini ni haba hasa Jumapili, na teksi ya usiku ni ghali. Anayelipia uzuri huo ahesabu pia gharama ya kuwafikisha wazee huko na kuwarudisha.

Ya tano, ambayo wengi huisahau, ni kumbi za jamii: za vijiji, za shule na za misikiti. Kodi yake kwa kawaida ni nafuu, ina jiko, na mlango ukifungwa ni wenu peke yenu. Kina mama wanaweza kutandika mikeka, sinia za pilau zikaletwa, na watoto wakakimbia watakavyo. Jambo moja la sheria likumbukwe: anayepika kwa biashara, hata akiwa mama anayepika nyumbani kwake, hutakiwa kujisajili kwa baraza la eneo lake siku 28 kabla ya kuanza kazi hiyo. Usajili huo haulipiwi. Mwulizeni mpishi kama amesajiliwa kabla ya kumkabidhi chakula cha watu thelathini.

Neno "halali" na maana zake

Sheria ya Uingereza haina chombo kimoja cha serikali kinachotoa cheti cha halali. Kazi hiyo hufanywa na taasisi za Waislamu wenyewe. Zilizo maarufu ni mbili: Halal Food Authority, iliyoanzishwa mwaka 1994, na Halal Monitoring Committee, iliyoanzishwa mwaka 2003 na yenye makao yake hukohuko Leicester. Tofauti yao kubwa ni juu ya kumzimisha mnyama kwa umeme kabla ya kuchinjwa. Ya pili haikubali jambo hilo kabisa, wala haikubali kuchinja kwa mashine. Ya kwanza hukubali kuzimisha kusikomuua mnyama. Sisi hatuhukumu baina yao, tunachosema ni kwamba familia ijue mapema msimamo wake na wa wageni wake, ili mjomba asije akausukuma mbali mchuzi mbele ya watu.

Hotelini mtaambiwa, "Tunayo halali mkiomba." Jibu hilo lifuatilieni. Mara nyingine kuku ndiye wa halali, na nyama ya kondoo au ya ng'ombe si ya halali. Ulizeni nyama hutoka kwa nani, na muombe kuona cheti chenye tarehe isiyopita. Ulizeni kama hukaangwa katika mafuta yaleyale ya nyama ya nguruwe, na kama visu na vyombo hutengwa. Kisha wakumbusheni yale yanayojificha: mchuzi uliotiwa divai, kitindamlo kilicholowekwa katika pombe, jelatini isiyojulikana asili yake, na unga wa pai uliokandwa kwa mafuta ya nguruwe. Hata jibini lina swali lake. Leicestershire ni mojawapo ya kaunti tatu tu zinazoruhusiwa kutengeneza jibini la Stilton, na huenda mkaandaliwa kwa fahari. Jibini nyingine hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama, nyingine kwa kimeng'enya kisichotokana na mnyama, na mwenye jiko ndiye anayejua.

Kuhusu usafi, ipo alama ya serikali itolewayo kuanzia 0 hadi 5, na kila mtu anaweza kuitafuta bure katika tovuti ya Food Standards Agency. Huko England mwenye mkahawa halazimishwi kuibandika mlangoni, basi msipoiona, itafuteni wenyewe. Vilevile sheria humtaka kila muuza chakula aeleze kama chakula chake kina mojawapo ya vitu 14 vinavyodhuru baadhi ya watu, kama karanga, maziwa, mayai, ufuta na samaki. Alama ya usafi haisemi lolote juu ya halali, na cheti cha halali hakichukui nafasi ya alama ya usafi. Tafuteni vyote viwili.

Ulevi mezani

Wanachuoni wetu wametukumbusha mara nyingi makatazo ya kuketi kwenye meza inayozungushwa ulevi. Hapa ndipo chumba cha faragha kinapoonyesha faida yake, kwani ndani ya mlango wenu mna haki ya kuomba utaratibu wenu. Lakini muombe kwa uwazi. Hoteli nyingi hupata faida kubwa kutokana na vinywaji, na kwa mazoea mhudumu huandaa glasi za divai juu ya kila meza na huja na orodha ya pombe. Andikeni hivi: pombe isiingizwe chumbani, glasi za divai ziondolewe kabla wageni hawajaingia, na badala yake yaletwe maji ya matunda, chai na kahawa. Ikiwa kuna jamaa au rafiki asiye Mwislamu, ajulishwe kabla kwa upole, asije akaagiza na kuaibika.

Upande wa stara, ulizeni kama mlango una kioo, kama chumba kina kamera, na kama wapo wahudumu wa kike. Huenda hoteli isiweze kuahidi hilo la mwisho, lakini yaweza kukubali kuwa chakula kiwekwe mezani mara moja, kisha wahudumu watoke na waje wakiitwa tu. Aidha waambieni kuwa hamtaki picha zenu zitumike katika matangazo yao.

Saa ya chakula na saa za sala

Sisi tulio karibu na ikweta tumezoea nyakati za sala zisizobadilika sana. Kule hubadilika mno, na mwenye kuandaa chakula asipoliangalia hilo atajikuta ameigawa karamu vipande vipande. Mwezi wa Julai, Leicester, adhuhuri huingia kama saa saba na dakika kumi mchana, alasiri baada ya saa kumi na moja jioni, na magharibi baada ya saa tatu usiku. Basi chakula cha mchana kina nafasi tele baina ya sala mbili, ilhali chakula cha usiku kitamalizika saa ambazo watoto wamelala vitini na treni zimepungua.

Mwezi wa Disemba mambo hugeuka. Adhuhuri ni karibu saa sita mchana, alasiri huingia kabla ya saa nane, na magharibi kabla ya saa kumi. Karamu ya saa nne hukutana na sala tatu! Walio safarini wana ruhusa zao za kupunguza na kukusanya sala, na masuala hayo watawauliza masheikh wao, lakini wenyeji wakaao pale hawana ruhusa hiyo. Kwa hiyo chumba chenyewe kiwe na upande mtupu unaotosha safu mbili. Kibla chetu Mombasa ni kaskazini, na kule ni kusini-mashariki. Mwenyeji akitafute mapema na aweke alama. Vyooni mara nyingi hakuna maji ya kutawadhia kwa urahisi, basi pelekeni kopo. Mkiwa karibu na kituo cha treni, Leicester Central Mosque ya Conduit Street si mbali.

Fedha na maandishi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Huku kwetu tumezoea maneno ya mdomo, kule kisichoandikwa ni kama hakikusemwa. Yapo mambo manne ya kuelewa.

La kwanza ni kiwango cha chini cha matumizi. Tuchukue mfano. Wageni ni 24, na chakula ni paundi 35 kwa kila mtu. Hiyo ni paundi 840. Ada ya huduma ikiwa asilimia 12.5, ni paundi 105 zaidi, na jumla huwa 945. Lakini mkataba ukisema kiwango cha chini ni paundi 1,200, mtalipa 1,200 hata kama mmekula kwa 945. Mahali pengine kiwango hicho hupangwa kwa kutarajia kuwa wageni watakunywa pombe. Waelezeni kuwa hamnywi, na muombe kipunguzwe au kibadilishwe kiwe kodi ya chumba.

La pili ni kodi na ada. Bei anayoonyeshwa mlaji inatakiwa iwe imekwisha jumlisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 20. Ada ya huduma ni jambo jingine, na kwa makundi mara nyingi huongezwa yenyewe. Ulizeni kama ni ya hiari. Tangu Oktoba 2024 sheria huwataka waajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi yote, basi mkitoa mjue inawafikia.

La tatu ni arbuni. Msilipe arbuni isiyorudishwa kabla viza hazijatoka. Maombi ya viza ya matembezi kwa kawaida hujibiwa ndani ya majuma matatu, lakini jibu lenyewe ni la wengine. Ombeni tarehe ya mwisho ya kubadilisha idadi ya wageni iwe karibu na siku yenyewe kadiri iwezekanavyo. Sheria ya haki za watumiaji ya mwaka 2015 haikubali masharti yanayomdhulumu mteja. Mwenye ukumbi anayevunjiwa ahadi anaweza kufidia hasara yake, lakini si kushika fedha zisizolingana na hasara hiyo. Na akilipa jamaa aishiye huko kwa kadi ya mkopo, kwa huduma izidiyo paundi 100 na isiyozidi 30,000, kampuni ya kadi nayo huwajibika mkataba ukivunjwa.

La nne ni nani anayelipa. Hili halimhusu mwenye hoteli, ni letu. Tumeona michango ikianza kwa furaha na kuishia kwa kunung'unika, kwa kuwa mahali palichaguliwa na mwenye nacho, na gharama ikagawanywa sawa kwa asiye nacho. Tajeni bei kabla ya kuchagua mahali. Anayetaka kupandisha daraja ya chumba, apandishe kwa mfuko wake, na asitangaze.

Barua moja kabla ya kukubali

Ndugu wasomaji, mama zetu na dada zetu, haya yote yanaweza kukusanywa katika barua moja fupi ambayo kijana wenu ataipeleka kwa mahali pawili au patatu, kisha mkalinganisha majibu: Je, chumba kina mlango? Je, mzee wa kiti cha magurudumu atafika mezani na chooni? Nyama inatoka wapi, na cheti ki wapi? Je, chumba kitakuwa bila pombe? Je, ipo nafasi ya kuswali? Kiwango cha chini ni kipi, arbuni ni kiasi gani, na idadi yaweza kubadilishwa hadi lini?

Anayejibu kwa subira, kwa maandishi, swali kwa swali, amekwisha waonyesha atakavyowahudumia. Anayejibu "msijali, yote yatakuwa sawa" naye amejibu, na mfahamu jibu lake. Na ikiwa majibu ya kasri hayaridhishi na ya ukumbi wa msikiti yanaridhisha, nendeni msikitini kwa moyo mkunjufu. Miaka itapita, rangi ya mapazia itasahauliwa, lakini bibi atakumbuka kwamba aliketi vizuri, akala bila shaka moyoni, na akamwekea mjukuu wake mkono kichwani akamwombea.

Mwenyezi Mungu awasahilishie wote wanaojiandaa kwa safari, awafikishe salama, na awakusanye na jamaa zao katika kheri. Amin.